Kifaranga Bora Huanza kwa Chakula cha Mama: Protini na Uzazi wa Samaki wa Kufugwa

Yafuatayo ni maelezo ya mada iliyowasilishwa kwa wafugaji wa samaki wa kaunti za Migori na Homa Bay kuhusu lishe ya samaki wazazi.



Mada ya leo ni moja: chakula anachopewa samaki mzazi, hasa protini iliyomo, na jinsi kinavyoamua aina ya vifaranga atakaowazaa. Wafugaji wengi wanapozungumza kuhusu chakula, huwa wanawafikiria samaki wa kupeleka sokoni. Samaki wazazi husahauliwa. Mara nyingi hurushiwa pumba tupu au mabaki ya jikoni, kwa sababu hakuna anayepanga kuwauza wiki hiyo. Hasara ya jambo hilo haionekani siku hiyo wala mwezi huo. Huonekana baada ya miezi sita au minane, mfugaji anapovuta wavu akitarajia ngege wa kujaza sahani, akapata samaki wa ukubwa wa kiganja.

Somo la vidimbwi vya mwaka 2009

Wengi hapa wanakumbuka Mpango wa Kuchochea Uchumi ulioanzishwa na serikali ya kitaifa mwaka 2009. Katika sekta ya samaki, mpango huo ulilenga kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikiwa na mita 300 za mraba. Hivyo ni vidimbwi 28,000. Kidimbwi cha mita 300 za mraba kikiwekwa samaki 3 kwa kila mita, huhitaji vifaranga 900. Zidisha kwa vidimbwi 28,000, na nchi ilihitaji zaidi ya vifaranga milioni 25 kwa kujaza vidimbwi hivyo mara moja tu.

Kuchimba kidimbwi ni kazi ya siku chache. Kumtunza samaki mzazi hadi azae vifaranga wenye afya ni kazi ya miezi mingi. Vituo vya kutotolesha vifaranga vilikuwa vichache, na mahitaji yakavizidi. Wafugaji wengi waliokosa vifaranga bora walichukua wale waliozaliwa ovyo katika vidimbwi vyao wenyewe au vya jirani. Baadhi ya vidimbwi vilivyogeuka kuwa mashimo ya vyura havikushindwa kwa sababu ya maji au udongo. Vilishindwa kwa sababu mbegu iliyowekwa ilikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka uvuvi miongoni mwa majukumu ya kaunti. Migori na Homa Bay zilijumuishwa pia katika mpango wa kuendeleza biashara ya ufugaji samaki, ABDP, uliofadhiliwa na Hazina ya Kimataifa ya Maendeleo ya Kilimo, IFAD. Ziwani, vizimba vya samaki vimeongezeka. Kampuni kubwa kama Victory Farms, iliyo Suba Kusini, huzalisha vifaranga wake yenyewe. Mfugaji mdogo hana uwezo huo. Yeye hununua, au hujaribu kuzalisha kwa samaki wazazi wachache alio nao. Ndiyo maana swali la chakula cha samaki mzazi ni swali la mfuko wa mwananchi wa kawaida.

Protini hufanya kazi gani katika uzazi?

Ngege jike anapokomaa, mwili wake huanza kutengeneza mayai. Homoni hutoka kwenye mfuko wa mayai na kuliamuru ini litengeneze protini maalumu ya kiini cha yai. Protini hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye mayai na kuhifadhiwa humo. Malighafi ya kazi hii yote hutoka katika chakula alichokula mama, au katika nyama ya mwili wake mwenyewe ikiwa chakula hakitoshi.

Kiini hicho ndicho chakula cha kwanza cha mtoto. Kifaranga wa ngege anapoanguliwa hana uwezo wa kutafuta chakula. Kwa siku kadhaa huishi kwa akiba aliyowekewa na mama katika kiini. Akiba ikiwa ndogo au ikikosa baadhi ya viini lishe, kifaranga huanza maisha akiwa na deni. Huyu ndiye anayekufa kwenye mfuko wa plastiki safarini, au anayebaki nyuma wenzake wanapokua.

Kuna jambo la pili. Ngege jike huatamia mayai mdomoni. Akishataga, na dume akayarutubisha, mama huyakusanya kinywani na kuyabeba humo hadi yaanguliwe na vifaranga waweze kuogelea. Kwa wiki moja hadi mbili huwa hali, au hula kidogo sana. Mama aliyeingia katika mfungo huo akiwa amekonda hutoka akiwa amekonda zaidi, na huchukua muda mrefu kurudi kutaga tena. Aliyelishwa vizuri kabla, na akalishwa vizuri baada ya hapo, anaweza kutaga tena baada ya wiki 3 au 4 maji yakiwa na joto la nyuzi 24 na zaidi. Maeneo ya karibu na ziwa yana joto hilo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mfugaji wa hapa basi hana tatizo la baridi kali; tatizo lake kubwa ni chakula.

Ukubwa wa mama nao una uzito wake. Jike la gramu 100 hutaga mayai yapatayo 100 kwa mara moja. Jike la gramu 600 hadi kilo moja huweza kutaga mayai 1,000 hadi 1,500. Protini inayomkuza mama kwanza ndiyo inayoongeza mayai baadaye.

Utafiti umeonyesha nini?

Huko Singapore, katikati ya miaka ya 1990, watafiti waliwalisha ngege wazazi chakula chenye protini ya asilimia 10, wengine asilimia 20 na wengine asilimia 35. Kundi la asilimia 10 ndilo lililobaki nyuma katika uzazi na katika ubora wa watoto. Nchini Misri, watafiti wa Alexandria walilinganisha asilimia 25, 30, 35 na 40. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba protini ilipoongezeka, utagaji uliongezeka pia, na asilimia 40 ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Misri ni mzalishaji mkubwa kuliko wote wa ngege wa kufugwa barani Afrika, na samaki waliyempima ni ngege yuleyule wa Mto Nile anayefugwa Uriri na Ndhiwa.

Kwa mfugaji, fundisho ni hili: ngege anayenenepeshwa kwa soko hufanya vizuri kwa chakula chenye protini ya asilimia 25 hadi 30. Samaki mzazi anahitaji asilimia 35 hadi 40. Kuwalisha wote kwa gunia moja ni kumpunja mzazi au kupoteza pesa kwa wengine.

“Lakini samaki wangu huzaa hata bila chakula”

Hoja hii husikika mara nyingi, na ni ya kweli. Ngege mwenye njaa huzaa. Ngege aliyedumaa anaweza kuzaa hata akiwa na uzito usiofika gramu 20. Maji yakijaa vitoto vidogo, mwenye kidimbwi hufurahi akidhani mradi umestawi. Kilichotokea ni kinyume chake. Samaki wamebanana, chakula hakitoshi, na nguvu kidogo waliyo nayo wameipeleka katika kuzaa badala ya kukua.

Hatari huja pale vitoto hivyo vinapochukuliwa kuwa mbegu ya kidimbwi kingine. Wazazi wao walikomaa wakiwa wadogo na walikula vibaya. Mara nyingi pia ni ndugu waliozaana wenyewe kwa wenyewe. Mfugaji akiendelea hivyo kizazi baada ya kizazi, atakuwa anachagua samaki wafupi bila kujua.

Kwa hiyo malengo ni mawili, na yasichanganywe. Katika kidimbwi cha soko, mfugaji hataki samaki wazae. Huweka madume peke yake ili nguvu yote iende kwenye nyama. Katika sehemu ya wazazi, anataka wazae, lakini wazae watoto wenye afya. Wazazi watengwe, wahesabiwe, jike 3 kwa dume 1, na chakula chao kiwe chao. Kabla ya kuwakutanisha, ni vizuri majike na madume wapumzishwe wakiwa wametengana kwa wiki 2 au 3 huku wakilishwa vizuri.

Mumi naye ana mambo yake

Kambare, au mumi, ni tofauti. Kwa kawaida hazai mwenyewe akiwa kidimbwini. Mtaalamu humdunga jike homoni, kisha humkamua mayai kwa mkono. Dume hakamuliki kirahisi. Kwa kawaida huchinjwa ili mbegu zake zitolewe. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hivi maji yakiwa na joto.

Hapa hasara ya lishe mbaya huonekana siku hiyohiyo. Homoni haitengenezi mayai. Huyaharakisha tu yale yaliyokwisha kuwa tayari. Jike aliyelishwa pumba kwa miezi mitatu hudungwa, hungojewa usiku kucha, na asubuhi hutoa mayai machache au asitoe kabisa. Pesa za homoni zimekwenda, na dume ameshachinjwa. Mumi mzazi naye apewe protini ya asilimia 35 hadi 40 kwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo.

Soko la vifaranga wa mumi lipo. Mbali na wafugaji, wavuvi wanaowatega mbuta kwa ndoana huwanunua kuwa chambo. Anayeweza kuwazalisha kwa uhakika, kandokando ya ziwa kutoka Mbita hadi Muhuru Bay, hatakosa mteja.

Hesabu ya chakula nyumbani

Chakula cha kiwandani cha samaki wazazi kipo, na anayeweza kukinunua asome lebo kwenye gunia aone asilimia ya protini ghafi. Asiyeweza anaweza kuchanganya mwenyewe kwa hesabu rahisi.

Chukua mfano wa vitu viwili: omena safi waliokauka na kusagwa, tukadirie wana protini ya asilimia 55, na pumba za ngano zenye asilimia 15. Mfugaji anataka asilimia 35 kwa wazazi. Toa 15 katika 35, unapata 20: hilo ni fungu la omena. Toa 35 katika 55, unapata 20: hilo ni fungu la pumba. Mafungu ni sawa, kwa hiyo ni kilo moja ya omena kwa kilo moja ya pumba.

Kwa samaki wa soko anataka asilimia 25. Toa 15 katika 25, unapata 10: fungu la omena. Toa 25 katika 55, unapata 30: fungu la pumba. Ni kilo moja ya omena kwa kilo 3 za pumba. Hesabu hiyohiyo hutumika kwa vitu vingine, mradi kiwango cha protini cha kila kimoja kinajulikana.

Omena si lazima wawe peke yao. Omena ni chakula cha watu, na kila mwaka uvuvi wao hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, bei ikapanda. Ochong'a, wale kamba wadogo wanaonaswa pamoja na omena, wana protini nyingi na huchanganywa vizuri. Soya ni nzuri, lakini ikaangwe au ichemshwe kwanza, kwa kuwa soya mbichi huzuia protini isimeng'enywe. Mashudu ya alizeti husaidia. Mashudu ya pamba yasiwe tegemeo la samaki wazazi, kwa sababu pamba ina sumu ya gosipoli inayojulikana kudhuru uzazi wa wanyama. Funza wa nzi wanaofugwa kwa taka za jikoni na sokoni ni chanzo kingine. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye kampasi yake Mbita, kimekuwa kikitafiti matumizi ya wadudu kama chakula cha mifugo na samaki.

Tahadhari tatu. Kwanza, mchanga. Omena waliokaushwa chini huja na mchanga, na mchanga hauna protini. Weka konzi moja ya unga wao katika glasi ya maji, koroga, uache utulie. Kinachobaki chini kigumu kama changarawe ni pesa zilizonunua udongo. Pili, ukungu. Chakula kilichoota ukungu kitupwe. Sumu yake huharibu ini, na ini ndilo linalotengeneza kiini cha yai. Tatu, kuzidisha. Protini isiyotumika mwilini hutolewa na samaki ikiwa amonia, na amonia ikizidi majini huua. Chakula kinachobaki kikielea baada ya robo saa ni ishara kwamba kipimo kipunguzwe.

Je, mfugaji mdogo ataimudu gharama?

Wengi husikia “asilimia 35” wakaona ni mambo ya matajiri. Hesabu inasema vingine.

Chukua mfugaji mwenye ngege wazazi 120, majike 90 na madume 30, kila mmoja gramu 300. Uzito wao wote ni kilo 36. Wakilishwa asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, wanakula gramu 720, yaani kilo 22 hivi kwa mwezi. Sasa chukua kidimbwi kimoja cha soko chenye samaki 1,000 wa gramu 300 kila mmoja. Uzito ni kilo 300, chakula ni kilo 6 kwa siku, kilo 180 kwa mwezi.

Wazazi wote 120 wanakula karibu sehemu moja ya nane ya kile kinachokwenda katika kidimbwi kimoja. Lakini vifaranga wao wanaweza kujaza vidimbwi vingi vya kijiji kizima. Shilingi inayoongezwa kwenye chakula cha wazazi ni ndogo, na inafanya kazi katika kila kidimbwi kinachopokea watoto wao. Anayetaka kubana matumizi ana mahali pengi pa kubana. Mahali hapa si pamoja napo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua vifaranga

Asiyezalisha mwenyewe ana haki ya kuuliza, na muuzaji mwaminifu hatakasirika. Samaki wazazi wako wapi, na wanaweza kuonekana? Wanakula nini, na protini ni asilimia ngapi? Wazazi hao walitoka wapi, na hubadilishwa baada ya muda gani? Vifaranga ni wa umri mmoja, au wamechanganywa wa wiki tatu na wa miezi mitatu waliodumaa? Kifaranga bora huogelea dhidi ya maji yanapokorogwa, hukimbilia chakula, na hulingana na wenzake kwa ukubwa.

Muuzaji anayeficha wazazi wake anaficha kitu. Na bei ya chini kupita kiasi ina sababu yake. Rahisi mara nyingi huwa ghali. Vifaranga 900 wa bei nafuu wakifa nusu, na nusu iliyobaki ikadumaa, mfugaji amelipia pia chakula cha miezi minane cha samaki wasiouzika.

Anayehitaji ushauri amwone afisa wa uvuvi wa wadi yake. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina vituo vya karibu Kegati huko Kisii na Sangoro katika Kaunti ya Kisumu, na kituo cha kitaifa cha ufugaji samaki kiko Sagana, Kirinyaga. Vikundi vinaweza kuungana, kijiji kimoja kikawa na kundi moja la wazazi linalotunzwa vizuri, badala ya kila nyumba kuwa na wazazi watano wenye njaa.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Samaki anayeng'aa kwenye beseni la mama muuzaji pale Sori au Oyugis aliundwa miezi mingi kabla ya kuvuliwa, ndani ya tumbo la mama aliyekula akashiba. Kila mfugaji anayerudi nyumbani leo na aanze na jambo moja: awatenge samaki wake wazazi, awahesabu, na apime kile anachowalisha.